Pensheni, Msaada au Haki? Historia ya Kupima Umaskini wa Wazee nchini Uingereza tangu 1908

1. Utangulizi

Sheria inayomwekea mzee maskini fungu la fedha ni jambo moja. Mzee huyo kulipokea fungu lake ni jambo lingine. Historia ya misaada ya serikali kwa wazee huandikwa mara nyingi kama historia ya sheria: mwaka fulani Bunge lilipitisha hiki, mwaka mwingine likafuta kile. Uandishi wa namna hiyo una faida yake, lakini huliacha nje swali ambalo mzee mwenyewe hukutana nalo, yaani: ili nilipwe, ni lazima niseme nini, nimwambie nani, na nikishasema nitaonekana mtu wa namna gani?

Katika makala haya tunakusudia kulifuata swali hilo katika nchi moja ambayo imeliuliza kwa muda mrefu, nayo ni Uingereza. Tangu tarehe 1 Januari 1909 wazee maskini wa nchi hiyo wamekuwa na njia ya kulipwa na dola bila kuwa wamechanga chochote, kwa sharti kwamba mapato yao yapimwe kwanza. Kwa upimaji wa mapato tunaelewa hapa utaratibu ambao kwao serikali humlipa mtu baada tu ya kuhakikisha kwamba mapato na mali yake viko chini ya kiwango kilichowekwa. Utaratibu huo umebadilishwa jina mara nyingi. Hata hivyo, katika kila kizazi imeonekana kwamba sehemu kubwa ya wazee wanaostahili hawajitokezi kudai.

Huenda msomaji akauliza kwa nini taarifa ya masomo ya Kiswahili ijishughulishe na habari hizo. Jibu letu ni kwamba swali lenyewe ni la lugha kama lilivyo la fedha. Serikali iliyoamini kuwa aibu ya mzee imo katika jina la msaada ilibadilisha jina. Je, jina lilitosha? Tutajaribu kuonyesha kwamba jina jipya lilifaa pale tu lilipofuatana na mlango mpya na maswali mapya. Lilipobandikwa juu ya mlango ule ule, halikuwavuta wengi.

2. Urithi wa Sheria ya Maskini

Ili kuielewa aibu hiyo hatuna budi kurudi nyuma kidogo. Tangu sheria ya 1601 kila parokia ya England iliwajibika kuwatunza maskini wake kwa kodi iliyotozwa papo hapo. Sheria mpya ya 1834 iliziunganisha parokia katika vikundi, na kila kikundi kikatakiwa kuwa na nyumba ya kazi, ambamo maskini angelala, angekula na kufanya kazi chini ya usimamizi. Msingi wa sheria hiyo ulikuwa wazi: hali ya anayesaidiwa ni lazima iwe mbaya kuliko hali ya mfanya kazi wa chini kabisa, ili mtu asiombe ila ameshindwa kabisa.

Msingi huo ulikuwa umewalenga vijana wenye nguvu, lakini uzito wake uliwaangukia wazee pia. Ni kweli kwamba wengi wao hawakuingizwa katika nyumba za kazi; walipewa shilingi chache kila juma wakiwa kwao. Lakini kuanzia miaka ya 1870 wakuu wa misaada katika miji mingi walijitahidi kuzipunguza hata shilingi hizo. Zaidi ya hayo, aliyepokea msaada wa parokia alipoteza haki ya kupiga kura, na hali hiyo ilidumu mpaka 1918. Tena, sheria ya 1832 iliruhusu maiti ya aliyekufa katika nyumba ya kazi, akikosa ndugu wa kumdai, itolewe kwa waganga wa kufundishia upasuaji. Ndiyo maana familia maskini zilijinyima chakula ili kulipa kila juma senti za chama cha mazishi. Kuzikwa kwa gharama ya parokia kulihesabiwa kuwa fedheha ambayo ukoo hauwezi kuisahau.

Mwaka 1892 Charles Booth, tajiri wa meli aliyekuwa amechunguza umaskini wa London mtaa kwa mtaa, alitoa kitabu akidai kwamba wazee wote walipwe pensheni, matajiri kwa maskini. Hesabu za wakati ule zilionyesha kwamba karibu watatu katika kila kumi wa wenye umri wa miaka 65 na zaidi walipokea msaada wa parokia katika muda wa mwaka mmoja. Hoja ya Booth ilikuwa nyepesi: ikiwa uzee wenyewe ndio unaowatia umaskini watu waliofanya kazi maisha yao yote, basi hakuna haja ya kuwahoji juu ya tabia zao. Serikali haikumfuata. Ilielekea zaidi mifano ya Denmark, iliyotunga sheria ya wazee mwaka 1891, na New Zealand, iliyotunga yake mwaka 1898. Nchi hizo zote mbili zililipa kwa kupima mapato.

3. Sheria ya 1908: mlango mpya

Sheria ya Pensheni za Uzee ilipitishwa mwaka 1908. Ilitayarishwa na Herbert Asquith na kufikishwa mwisho wake Bungeni na David Lloyd George, aliyempokea wizara ya fedha. Iliahidi shilingi 5 kwa juma kwa kila aliyefikia umri wa miaka 70, ambaye mapato yake hayakuzidi pauni 21 kwa mwaka. Kutoka hapo malipo yalipungua shilingi moja moja, mpaka kwisha kabisa kwa mwenye mapato yaliyozidi pauni 31 na shilingi 10.

Masharti hayakuwa ya fedha tu. Mwombaji alitakiwa awe raia kwa miaka 20, asiwe ametoka gerezani katika miaka 10 iliyopita, asiwe mtu aliyezoea kukataa kazi aliyoiweza, wala asiwe amepokea msaada wa parokia tangu tarehe 1 Januari 1908. Sharti hilo la mwisho ndilo lililokuwa zito kuliko yote, kwa maana liliwafungia mlango wale wale waliokuwa maskini zaidi. Katika kupima mapato, afisa alihesabu pia faida isiyo ya fedha, kama vile chumba na chakula alivyopewa mzee na mtoto wake. Hivyo wema wa mtoto uligeuzwa kuwa shilingi, na shilingi hizo zikamponza mzazi.

Pamoja na ukali huo, sheria ya 1908 ilifanya mambo mawili ambayo wanahistoria wameyasifu. Kwanza, ilitumia neno zuri. Mpaka wakati huo pensheni ilikuwa stahili ya askari na watumishi wa dola. Kumwita bibi mfua nguo kwa jina hilo hilo kulikuwa kumpandisha. Pili, na hili ndilo kubwa, ililipa fedha hizo katika ofisi ya posta. Mzee hakwenda tena mbele ya wasimamizi wa maskini; alikwenda mahali ambapo kila mtu alinunua stempu. Uchunguzi ulifanywa na maafisa wa ushuru, na uamuzi ukatolewa na kamati ya mahali kwa kufuata viwango vilivyoandikwa, si kwa huruma ya mtu.

Malipo ya kwanza yalitolewa Ijumaa tarehe 1 Januari 1909, na kabla ya miezi mitatu kwisha wapokeaji walikuwa wamezidi 600,000. Wengi wao walikuwa wanawake. Tangu Januari 1911 lile sharti la msaada wa parokia likaondolewa, na matokeo yake yalionekana mara moja: katika England na Wales idadi ya wazee waliopita miaka 70 na kupokea msaada wa parokia nje ya nyumba za kazi ilianguka kutoka zaidi ya 100,000 hadi chini ya 10,000 katika miaka michache. Wazee hao hawakuwa wametajirika. Walikuwa wamehama mlango mmoja kwenda mwingine mara tu walipokubaliwa.

4. Umri usioandikwa: mfano wa Ireland

Kabla ya kuendelea yafaa tuutazame ugumu mmoja ambao msomaji wa Kongo ataufahamu kwa urahisi. Sheria ilidai ithibati ya umri. Katika Ireland, iliyokuwa wakati ule chini ya dola moja na Uingereza, kuandikisha kila aliyezaliwa kulianza mwaka 1864 tu. Kwa hiyo hakuna mzee wa miaka 70 aliyekuwa na cheti cha serikali. Wengine walileta vitabu vya ubatizo, lakini si kila parokia ilikuwa imevitunza.

Hapo kumbukumbu ya watu ikaingia kazini. Usiku wa tarehe 6 Januari 1839 dhoruba kali ilikuwa imeipiga Ireland, ikabomoa nyumba na kuangusha miti nchi nzima. Watu waliuita Usiku wa Upepo Mkuu. Karibu miaka 70 ilikuwa imepita pensheni zilipoanza. Basi aliyeweza kueleza aliyoyaona usiku ule alihesabiwa kuwa amefikia umri. Maafisa hawakukosa kushangaa kuona ni wazee wangapi walioukumbuka upepo huo vizuri, na idadi ya waliolipwa Ireland ilipita sana makadirio. Bila shaka wapo waliodanganya. Lakini wapo pia ambao hawakuwa na njia nyingine ya kusema ukweli: mtu aliyehesabu umri wake kwa matukio, kama wazee wengi wa kwetu wanavyohesabu kwa vita, njaa au ujenzi wa reli, hana budi kujibu swali la tarehe kwa hadithi.

Njia ya pili ilikuwa kutafuta majina katika hesabu za watu za 1841 na 1851 zilizohifadhiwa Dublin. Makarani walizipekua karatasi hizo kwa ajili ya maelfu ya wazee na kuandika walichokipata katika fomu. Mwaka 1922 jengo la hifadhi liliungua, na sehemu kubwa ya hesabu hizo ikapotea. Leo zile fomu za wazee maskini ni miongoni mwa mabaki ambayo kwayo wanahistoria huzijua baadhi ya kaya za hesabu zilizoteketea. Kilichoandikwa ili kumshuku mzee kimekuwa hazina ya taifa.

5. Umaskini uliofichika, 1931-1941

Katika miaka ya 1920 pensheni ya pili ilizaliwa, ile ya bima. Sheria ya 1925 iliwapa wafanya kazi waliochanga shilingi 10 kwa juma tangu miaka 65 bila kuwahoji juu ya mapato yao. Wazee wakawa makundi mawili: waliolipwa kwa kuwa wamechanga, na waliolipwa kwa kuwa wameonekana maskini.

Mwaka 1931, wakati wa msukosuko wa uchumi, serikali iliwawekea wasio na kazi upimaji wa mapato ya nyumba nzima. Mapato ya wote waliokaa chini ya paa moja yalijumlishwa: mshahara wa binti, pensheni ya babu, akiba ya mama. Chuki iliyotokana na utaratibu huo ilidumu kwa muda mrefu, kwa sababu uliingia kati ya wazazi na watoto. Vijana walihama nyumbani ili baba alipwe. Wazee walijiona mzigo uliohesabiwa kwa shilingi.

Mwaka 1940, vita vikiwa vimeanza na bei zikipanda, serikali ilianzisha pensheni ya nyongeza kwa wazee ambao pensheni yao haikuwatosha. Kazi hiyo ilikabidhiwa Halmashauri ya Misaada, chombo cha kitaifa, badala ya wakuu wa mahali waliorithi kazi ya Sheria ya Maskini. Makadirio yalikuwa kwamba wazee 400,000 hivi wangehitaji. Waliojitokeza walizidi milioni moja.

Tukio hilo lastahili kufikiriwa. Wazee hao hawakuwa wamefilisika usiku mmoja. Walikuwa maskini mwaka uliotangulia pia, lakini hawakutaka kwenda kwa wakuu wa misaada ya maskini. Serikali ilikuwa imeuhesabu umaskini kwa kuhesabu waombaji, na hivyo ikaudhani kuwa mdogo kuliko ulivyo. Mwaka uliofuata, 1941, upimaji wa nyumba nzima ulifutwa kwa sheria. Tangu hapo mapato ya mtoto mtu mzima hayakuhesabiwa tena yote kama kwamba ni ya mzazi. Kwa mara ya pili katika karne ile, kilichowaleta wazee kilikuwa mabadiliko ya anayeuliza na ya kinachoulizwa.

6. Majina mapya juu ya mlango ule ule, 1948-2003

Taarifa ya William Beveridge ya 1942 ilipendekeza bima ya taifa ambayo ingemwezesha kila mtu kuishi bila kuhojiwa. Msaada wa kupima mapato ungebaki kwa wachache, na ungepungua jinsi miaka inavyopita. Tarehe 5 Julai 1948 Sheria ya Maskini ilifutwa rasmi, na Msaada wa Taifa ukashika nafasi yake.

Matarajio hayo hayakutimia. Pensheni ya bima iliwekwa chini mno kiasi kwamba mzee anayelipa kodi ya nyumba, asiye na mapato mengine, alikuwa chini ya kiwango cha Msaada wa Taifa. Badala ya kupungua, wapokeaji wa msaada huo waliongezeka kutoka takriban milioni moja mwaka 1948 hadi karibu milioni mbili katikati ya miaka ya 1960, na wengi wao walikuwa wazee. Uchunguzi wa Peter Townsend na Dorothy Wedderburn wa 1965, pamoja na uchunguzi wa wizara yenyewe uliotolewa mwaka 1966, ulionyesha kwamba mamia ya maelfu ya wazee wengine walistahili lakini hawakudai. Sababu zilikuwa tatu: hawakujua, walidhani kwamba hawastahili, au hawakutaka kile walichokiita sadaka.

Mwaka 1966 serikali ilijibu kwa kubadilisha jina na, kwa kiasi fulani, maneno ya sheria. Msaada wa Taifa ukaitwa Mafao ya Nyongeza. Sheria ikatamka kwamba asiye na mapato ya kutosha anastahili kulipwa. Na mzee akapewa kitabu kimoja cha kupokelea pensheni na nyongeza yake pamoja, ili jirani aliye nyuma yake posta asitambue. Idadi ya wapokeaji ilipanda. Wengi walilisifu jina jipya. Lakini mwanauchumi A. B. Atkinson alipozichunguza hesabu hizo mwaka 1969 alionyesha kwamba sehemu kubwa ya ongezeko hilo yaelezeka kwa viwango vya malipo vilivyopandishwa wakati ule ule: kiwango kikipanda, watu zaidi huwa chini yake. Onyo lake lafaa kukumbukwa na kila anayepima matokeo ya neno jipya.

Baada ya hapo majina yalifuatana. Mwaka 1988 Mafao ya Nyongeza yaligeuzwa kuwa Tegemeo la Mapato. Mwaka 1999, kwa wazee, hilo likaitwa Dhamana ya Mapato ya Chini, pauni 75 kwa juma kwa mzee aishiye peke yake. Tarehe 6 Oktoba 2003 ikaja Nyongeza ya Pensheni, iliyobuniwa chini ya Gordon Brown akiwa waziri wa fedha. Iliinua mapato ya mzee wa peke yake mpaka pauni 102.10 kwa juma, na ya mume na mke mpaka pauni 155.80.

Tuiseme haki ya mabadiliko haya ya 2003, kwa kuwa hayakuwa ya jina tu. Mzee aliruhusiwa kudai kwa simu. Wengi walisamehewa kutoa habari mpya za mapato yao kwa muda wa miaka mitano. Aliyejiwekea akiba ndogo alipewa sehemu ya ziada, ili asione kwamba aliyeponda mali yake amepata sawa naye. Lakini ziada hiyo iliongeza hesabu ambazo mzee mwenyewe hangeweza kuzifanya, na tangu Aprili 2016 waliofikia umri wa pensheni hawakuipata tena; msamaha wa miaka mitano nao uliondolewa mwaka huo huo. Makadirio ya serikali ya miaka ya karibuni yameonyesha kwamba takriban theluthi moja ya kaya zinazostahili Nyongeza ya Pensheni hazijaidai. Mwaka 2025, kiwango kilipokuwa pauni 227.10 kwa juma kwa mzee wa peke yake, hali ilikuwa bado ile ile kwa jumla.

7. Msimu wa baridi wa 2024

Kwamba jambo hili si la makumbusho kulithibitishwa na tukio la mwaka 2024. Tangu 1997 wazee wa Uingereza walikuwa wakilipwa fedha za kuwashia moto wakati wa baridi bila kupimwa mapato. Tarehe 29 Julai 2024 waziri wa fedha Rachel Reeves alitangaza kwamba fedha hizo zingelipwa tu kwa wenye Nyongeza ya Pensheni au misaada mingine ya kupimiwa mapato. Katika England na Wales wapokeaji walishuka kutoka zaidi ya milioni 10 hadi chini ya milioni 2.

Uamuzi huo uliufanya mlango mmoja kuwa ufunguo wa mlango mwingine. Asiyedai Nyongeza ya Pensheni, kwa aibu au kwa kutojua, alipoteza sasa mara mbili. Na aliyezidi kiwango kwa pauni moja alikosa yote. Magazeti yaliandika kwa mshangao juu ya fomu ya madai iliyokuwa na maswali zaidi ya 200, ingawa si yote yaliyomhusu kila mtu. Madai yaliongezeka ghafla, na mengi yalikataliwa. Mwezi Juni 2025 serikali ilirudi nyuma: ilitangaza kwamba wazee wangelipwa, na wenye mapato yanayozidi pauni 35,000 kwa mwaka wangerudisha fedha hizo kwa njia ya kodi.

Msomaji aangalie vema kilichobadilika. Upimaji wa mapato haukufutwa, umehamishwa. Badala ya maskini kuthibitisha umaskini wake kabla ya kulipwa, tajiri ndiye anayedaiwa baada ya wote kulipwa. Swali ni lile lile, lakini anayeulizwa ni mwingine.

8. Kuomba na kudai

Sasa turudi katika lugha yetu. Anayetafsiri habari hizi kwa Kiswahili hukutana mara moja na uchaguzi mgumu. Je, mzee huyo anaomba au anadai? Kudai kwasimama juu ya deni: palipo na mdai pana mdaiwa, na mdaiwa halipi kwa huruma. Kuomba kwaweza kuwa kwa Mungu, kwa mkubwa au kwa mpita njia. Jibu ni hiari ya anayeombwa. Tena mwombaji na ombaomba ni wa shina moja. Sheria ya 1908 ilitumia kwa Kiingereza neno lenye maana ya kudai. Fomu nyingi za Kiswahili, kwa haki ambazo sheria imekwisha kuzitamka, huandika bado «maombi» na «mwombaji», kana kwamba hakuna mdaiwa. Sisi wenyewe tumelitumia neno hilo humu, kwa kuwa ndilo lililozoeleka.

Vilevile jina la 2003. Neno la Kiingereza lililotumiwa humaanisha pia fedha ya kukopeshwa. Anayelitafsiri kwa kufuata kamusi ataandika «mkopo wa pensheni», na mzee mwenye busara ataukimbia, kwa hofu ya deni ambalo watoto wake watalirithi. Tumechagua «nyongeza», kwa sababu hicho ndicho kitendo chenyewe.

Katika nchi za Waswahili mfano unaofaa kulinganishwa ni Unguja na Pemba. Tangu Aprili 2016 serikali ya Zanzibar imewalipa wakazi waliofikia miaka 70 malipo ya kila mwezi, yaliyoanza kwa shilingi 20,000, bila kupima mapato yao. Mpango huo unaitwa pensheni jamii. Kiasi ni kidogo, na ithibati ya umri na ukaaji inabaki kuwa sharti. Lakini swali la umaskini halimo. Hapo jina na mlango vinakubaliana: pensheni ya jamii kweli hulipwa kwa jamii. Kwetu Kongo pensheni imefuata njia ya bima ya wafanya kazi wa mishahara tangu amri-sheria ya tarehe 29 Juni 1961. Mkulima na mama muuza samaki hawamo. Siku itakapojadiliwa namna ya kuwaingiza, watatafutwa watu wa kuandika fomu na matangazo kwa Kiswahili, na wengi wa watu hao watatoka katika madarasa yetu.

9. Hitimisho

Historia tuliyoifuata yaonyesha mambo matatu. Kwanza, idadi ya wanaodai haipimi idadi ya wahitaji. Mwaka 1940 umetufundisha hivyo. Pili, wazee walijitokeza kwa wingi pale mahali pa kulipwa, anayeuliza au kinachoulizwa vilipobadilishwa, kama ilivyokuwa 1909, 1911 na 1940. Jina peke yake, kama lilivyodhaniwa kufanya 1966, lilileta kidogo kuliko lilivyosifiwa. Tatu, kila upimaji wa mapato huwa na gharama isiyoandikwa katika vitabu vya hazina, nayo hulipwa na mzee anayekaa katika baridi ili asionekane anaomba.

Hatusemi kwamba kupima mapato ni kosa daima. Fedha za dola zina mpaka, na kumlipa tajiri ili maskini asione aibu ni hoja inayohitaji hesabu. Tunasema tu kwamba anayechagua njia hiyo aihesabu pia theluthi isiyokuja. Na kwa sisi wa lugha, kazi iliyo mbele yetu ni ndogo lakini ya lazima: kila tunapoandika fomu kwa ajili ya mzee, tujiulize kama sheria imemfanya mdai au mwombaji, kisha tuandike neno linalolingana na sheria, tusimshushe kwa msamiati pale ambapo sheria imempandisha.